Sekta iliyopaa mwaka jana si dira ya mwaka huu
Wengi huamini kwamba ukijua sekta ya hisa iliyofanya vizuri mwaka jana, umeshajua pa kuweka pesa mwaka huu. Si kweli, na imani hii inawala watu akiba zao.

Tazama Marekani. Tarehe 20 Aprili 2020, mikataba ya kununua mafuta ghafi yatakayopokelewa baadaye, iliyokaribia kuisha muda, ilifunga siku kwa dola 37 chini ya sifuri kwa pipa: muuzaji alimlipa mnunuzi ayachukue, maana pa kuyahifadhi palikuwa hapapatikani. Mwaka huo nishati, yaani hisa za kampuni za mafuta na gesi, ilishika mkia kati ya sekta 11 za kipimo cha hisa za kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani, S&P 500. Nani angeinunua? Mwaka 2021 ikaongoza zote, na 2022 ikaongoza tena, ikipanda zaidi ya asilimia 50 kila mwaka, gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) likiwemo. Waliokimbilia humo mwishoni mwa 2022 waliiona ikishuka kidogo 2023, huku teknolojia, iliyoporomoka 2022, ikipaa.

Wala usigeuze ukasema iliyoanguka ndiyo itakayoinuka. Nishati iliongoza miaka miwili mfululizo. Bei ya leo tayari imebeba matarajio ya watu kuhusu kesho. Kinachoisukuma ni wasiyoyatarajia, kama Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022.