Ramani ya mabwawa ifike kabla ya bajeti

Naulizwa sana nitachagua lini kati ya maabara na mikutano ya vijana. Sioni cha kuchagua. Mimi ni mtafiti wa mbu hapa Bonde la Kilombero, Tanzania, na pia kiongozi wa vijana katani kwetu, na kazi zote mbili zinamhusu mbu yuleyule: Anopheles funestus.

Huyu ndiye anayeeneza sehemu kubwa ya malaria bondeni. Hupenda kuuma ndani ya nyumba, usiku wa manane, na dawa ya vyandarua vya kawaida haimsumbui kama zamani. Usugu tunaupima hivi: majike wa siku 3 hadi 5, ambao hawajanyonya damu, wanawekwa saa 1 kwenye mrija wenye karatasi iliyopakwa kiuatilifu. Tunawahamishia mrija safi, tunawapa maji ya sukari, tunasubiri saa 24. Wakifa asilimia 98 au zaidi, dawa bado ina nguvu. Wakifa chini ya 90, usugu upo. Unakuja kuhesabu maiti, unawakuta wengine wametulia kwenye ukuta wa mrija, miguu yote sita imara.

Udhaifu wake uko majini. Mwenzake Anopheles arabiensis, mbu mwingine wa malaria, anaridhika hata na alama ya kwato iliyojaa mvua. Funestus anataka maji ya kudumu yenye majani: mabwawa, chemchemi, kingo za mito. Kiangazi yanabaki machache, tena yanafikika. Hapo ndipo dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu inalipa, na ya kibaiolojia inatengenezwa nchini kwetu, Kibaha.

Nani ainunue? Azimio la Abuja la 2001, lile la nchi za Afrika kupeleka asilimia 15 ya bajeti kwenye afya, tunalipigia debe kila jukwaa. Lakini dawa ya bwawa la kijijini inategemea zaidi halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na vipaumbele vya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla. Peleka matokeo yako Mei uone: utapigiwa makofi, basi.

Kwa hiyo vijana wa bodaboda, wavuvi na vibarua wa mpunga huzunguka kiangazi na simu na upawa, wanachota maji na kuhesabu viluwiluwi. Mvuvi anajua bwawa ambalo picha ya setilaiti hailioni kwa sababu ya matete. Kwenye kamati ya maendeleo ya kata sisomi asilimia. Natandaza mezani ramani ya mabwawa waliyoyapima. Kila mwenyekiti wa kijiji anatafuta kwanza kwake, kisha anauliza bei ya dawa.

Wapo watafiti wenzangu wanaosema anayedai bajeti hawezi tena kuaminika na takwimu. Hofu yao ina msingi. Ndiyo maana mabwawa tuliyochota tukakosa viluwiluwi nayo yanachorwa, kwa bluu, hata pale mwenyekiti anapotamani lake liwe jekundu, rangi ya yenye viluwiluwi, ili lipate fungu.