Je, wajua kwa nini kontena bandarini hufungwa kwa pini badala ya kufuli?

Ukitazama kwa karibu kontena linalosubiri katika Bandari ya Kigoma kuvushwa Ziwa Tanganyika kwenda Bujumbura au Kalemie, utaona kwamba komeo la mlango wake limefungwa kwa pini fupi ya chuma, ambayo ncha yake imezama ndani ya kikombe kidogo chenye namba. Hiyo ndiyo lakiri, ambayo wengi huiita sili. Anayeiona kwa mara ya kwanza ana haki ya kushangaa, kwa maana mkasi mkubwa wa kukatia chuma huimaliza mara moja.

Lakiri haikuwekwa ili imshinde mwizi kwa nguvu, bali ili asiweze kuficha alichokifanya. Kufuli likifunguliwa kwa ufunguo wa bandia hufungwa tena na hakuna atakayejua, lakini pini ya lakiri ikishazama kikombeni haitoki mpaka ikatwe, na iliyokatwa haifungiki tena. Mwizi akiweka nyingine, namba yake haitalingana na ile iliyoandikwa katika hati za shehena. Kazi yake ni ileile ya nta nyekundu waliyofungia barua watu wa zamani, ambayo nayo iliitwa lakiri. Kiwango cha kimataifa cha ISO 17712 kinazigawa lakiri katika madaraja matatu, na hii ya pini ni ya daraja la juu.

Kwa Kigoma jambo hili lina uzito wa pekee. Shehena inayotoka Dar es Salaam kwa Reli ya Kati husafiri zaidi ya kilomita 1,200, na hupita Tabora, ambako njia ya Mwanza huachana na ya Kigoma. Tuseme mzigo wa mfanyabiashara wa Burundi umefika ukiwa pungufu. Ikiwa namba ya lakiri ilisomwa Dar es Salaam, ikasomwa tena Tabora ikawa ileile, kisha Kigoma ikaonekana nyingine, hakuna sababu ya kuwashuku makuli wa Dar es Salaam. Uchunguzi unaanzia Tabora. Mimi naona faida hii, ya kumwepusha asiye na hatia na tuhuma, ni kubwa kuliko hata ile ya kumnasa mwizi.

Ndiyo maana mkaguzi makini haridhiki kwa kuitupia lakiri jicho. Huitazama, hulinganisha namba yake na ya kwenye hati, kisha huivuta kwa nguvu na kuizungusha, kwa sababu pini iliyokatwa huweza kuunganishwa kwa gundi ikaonekana nzima. Baada ya hapo hupapasa ribiti zinazoshikilia mkono wa komeo. Wapo wezi ambao hawaigusi lakiri kabisa: huzitoboa ribiti, hufungua mlango, kisha hurudisha ribiti nyingine na kuzipaka rangi. Rangi mbichi kwenye mlango uliopauka kwa jua inatosha kulisimamisha kontena.

Forodha nao wakitaka kukagua mzigo, lakiri ya awali hukatwa na mpya hufungwa, na namba ya mpya huingizwa kwenye hati papo hapo. Afisa akisahau kuiandika, kontena ambalo halikupungua hata msumari litafika ng'ambo ya ziwa likionekana limeibwa.