Huipil, Darizi na Zulia la Mitumba: Mikono ya Wanawake wa Kimaya

Kila ninapowaonyesha wanafunzi wangu wa ufundi wa nguo ile blauzi ya wanawake wa Kimaya wa Guatemala iitwayo huipil, ambayo hutamkwa "wipili", neno la kwanza kutoka vinywani mwao huwa ni kwamba imedariziwa. Mara nyingi sivyo. Ndege na pembetatu zilizotanda kifuani zimefumwa pamoja na kitambaa chenyewe: kabla ya kupitisha mshindio unaofuata, yaani uzi unaokatiza upana wa kitambaa, mfumaji huingiza kwa vidole nyuzi za rangi katikati ya mtande, yaani nyuzi za urefu zilizowambwa, mahali pale tu panapohitaji rangi. Anayetaka kuthibitisha na aufuate uzi wa pambo. Katika ufumaji huo wa kawaida uzi hulala sambamba na mshindio, ilhali uzi wa darizi, kwa kuwa umekuja baada ya kitambaa kukamilika, una uhuru wa kukata upande wowote. Ndiyo maana huipil ya Santiago Atitlán, kando ya ziwa Atitlán, ni somo zuri sana: mistari yake imefumwa, lakini ndege walioizunguka shingo wametiwa kwa sindano. Kinyume chake, mafundi wa San Antonio Aguas Calientes wana ufumaji uitwao marcador, ambao pambo lake huonekana sawasawa nje na ndani, na nakiri kwamba mara ya kwanza ulinihadaa hata mimi.

Kitanda cha kufumia chenyewe ni vijiti na kamba tu. Ncha moja ya mtande hufungwa mtini au kwenye nguzo, na nyingine huunganishwa na mkanda unaopita nyuma ya kiuno cha mfumaji aliyepiga magoti. Akiegemea nyuma nyuzi hukazika, akisogea mbele hulegea, kwa hiyo mwili wake ni sehemu ya chombo. Upana wa kitambaa hauzidi pale mikono yake inapofika, na kwa sababu hiyo huipil nyingi huungwa kwa vipande viwili au vitatu, kila kimoja kikiwa na kingo zisizofumuka, na mkasi hauna kazi ila pengine shingoni.

Nguo ya namna hiyo huweza kuchukua miezi, nayo hushindana sokoni na marobota ya nguo kuukuu kutoka Marekani. Sisi tunaziita mitumba. Nchini Guatemala huitwa paca. Ni kutokana na marobota hayohayo ndipo yalipotokea mazulia ya kulabu. Ufundi huo si wa kale kwao, na muuzaji anayedai kuwa umerithiwa tangu enzi za mahekalu anapotosha. Ulistawi Amerika ya Kaskazini katika karne ya 19, na wanawake wa Guatemala walianza kufundishwa mwaka 2009 na Mary Anne Wise, msanii wa mazulia kutoka Wisconsin. Baadaye kazi hiyo ilipata makao katika shirika la Multicolores, lililoko Panajachel.

Namna yake ni hii. Kitambaa chenye matundu huwambwa kwenye fremu, mkono mmoja hushika utepe wa nguo chini yake, na mwingine, ulio juu, huchomeka kulabu na kuuvuta utepe utokeze kitanzi kidogo. Hakuna fundo hata moja. Vitanzi hushikana kwa kubanana. Fulana ndiyo inayofaa zaidi, kwani utepe wake ukivutwa kidogo hujikunja wenyewe na kuuficha ukingo uliokatwa, wakati shati la pamba huacha nyuzi zikining'inia. Nilijaribu kwa fulana nne kuukuu za nyumbani, nikaishia na kipande kisichozidi sahani, tena kilichopinda kwa sababu nilivibana vitanzi kupita kiasi.

Walichokuwa nacho wanawake hao tangu mwanzo ni jicho. Aliyekulia ndani ya huipil anajua rangi ipi ikae kando ya ipi, naye hulichukua pambo la upana wa vidole viwili, akalikuza hadi likatawala zulia zima. Ila mfumaji hununua uzi wa rangi aitakayo, na robota halina agizo. Zulia likidai wekundu mpana na fulana nyekundu ikaisha njiani, fundi hutafuta nyingine inayokaribiana nayo, akachanganya tepe za zote mbili tangu mbali kabla ya ile ya kwanza kwisha, ili jicho lisione mahali nguo moja ilipoishia na nyingine ilipoanzia.