Silaha kwenye muvi za dunia kuisha: alama sio ishara jamani

Kila nikikaa kuangalia muvi za mazombi na washkaji lazima mmoja aseme "ile bunduki ni ishara ya nguvu", ukimuuliza kivipi anakwambia si anatembea nayo muda wote. Hapana bwana.

Ishara kwenye fasihi ni kitu kinachobeba maana zaidi ya kazi yake ya kawaida, basi. Shida ni hii kuichanganya na alama. Maneno yote mawili yametoka kwenye Kiarabu ila kila moja na ukoo wake, alama ni ndugu wa elimu na mwalimu (na mwalimu anatoa alama, unaona), yaani kitu cha kukufanya ujue, ukikiona umemtambua mwenyewe. Ishara asili yake ni kuonyesha, kama unavyoonyesha kwa kidole, na mzizi wake ndio huohuo wa shauri na ushauri, nilivyolijua hilo nilicheka peke yangu maana ndivyo inavyofanya kazi kabisa, inakuonyesha upande halafu mengine shauri yako.

Sasa Michonne, yule mwanamke wa kwenye The Walking Dead (tamthilia ya mazombi), na upanga wake, ile ni alama, ukiuona tu unajua nani kafika. Gongo la Negan, mbabe wa humohumo (la kupigia, sio la kunywa) lile lenye seng'enge limepewa jina la marehemu mkewe, Lucille, hapo ndio tunaanza kuongea ishara.

Ila kiboko ni The Road, riwaya ya Cormac McCarthy ya 2006, dunia imeisha humo. Baba na mtoto wana bastola imebaki na risasi mbili, nao wako wawili, na baba anazitunza wasije wakakamatwa wazima na watu wanaokula binadamu. Moja inatumika njiani. Risasi moja, watu wawili, piga hesabu. Halafu baba anachukua kisu anachonga risasi za mti, anazipachika ili bastola ionekane imejaa. Mtu mzima, dunia imeisha, anachonga vijiti. Pale bastola inasema habari za baba kuliko yeye mwenyewe anavyoongea.

Kwa hiyo ukimuona jamaa na panga jiulize, lingekuwa shoka ingeharibika nini? Kama hakuna, sema alama tu, jamaa atabaki mkali vilevile.