Nondo haiwi kisu kwa kutiwa maji

Anayeanza uhunzi wa kujifurahisha hapa Kampala huja na kipande cha nondo mkononi na swali lilelile: "Nikiipasha mpaka iwe nyekundu halafu niitie maji, si itakuwa ngumu kama kisu cha duka?" Haitakuwa. Akiambiwa hivyo huuliza kama aongeze chumvi kwenye maji. Akikataliwa chumvi, hukumbuka kwamba babu fulani alitumia mkojo. Hebu tulimalize jambo hili hapa, maana kilo nyingi za makaa zimeteketea bure kwa sababu yake.

Kinachoruhusu chuma kikazwe, yaani kiwe kigumu kwa kupozwa ghafla, ni kaboni iliyomo ndani yake. Maji, mafuta, chumvi na mkojo vinatofautiana katika kasi ya kupoza tu. Maji ya chumvi hupoza haraka kuliko maji matupu, lakini hayaongezi hata chembe ya kaboni. Chuma chenye kaboni chini ya asilimia 0.3 hivi, ukichovye unavyotaka, kitapata ugumu kidogo tu na makali yake yatalala ukikata muhogo wa pili. Nondo ya kawaida ya ujenzi iko kwenye kiwango hicho, sawa na msumari, paipu ya mraba ya milango na mabomba ya maji. Jani la springi ya gari lina karibu asilimia 0.6, pamoja na kromiamu kidogo. Tupa nzuri ina asilimia 1 au zaidi. Tofauti hiyo huingizwa kiwandani chuma kikiwa bado uji. Kwa kupasha na kuchovya tu kwenye sigiri yako huwezi kuileta.

"Lakini nondo inashinda msumeno!" Ndiyo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Nondo nyingi za siku hizi, zikitoka kwenye roli za kiwanda zingali nyekundu, hurushiwa maji kwa nguvu. Ngozi ya nje inapoa ghafla na kuwa ngumu, kiini kinabaki laini, na joto la kiini linarudi nje kuituliza ngozi isiwe kama kioo. Msumeno wako unakutana na ngozi hiyo. Ukiipasha nondo mara moja tu kwenye tanuri la makaa, mpangilio wote huo umefutika, na unabaki na chuma laini chenye mikunjo ya kukusumbua unapokifua.

Wapo wanaoapa kwamba wao walifaulu. Inawezekana. Baadhi ya viwanda hutengeneza nondo kwa kuyeyusha skrepa, yaani vyuma chakavu, na skrepa ni mchanganyiko: leo ekseli, kesho mabati, keshokutwa vipuri vya trekta. Viwango vinadhibiti nguvu ya nondo ya kubebea zege, havikuahidi kwamba itashika makali. Kipande kimoja kikazike vizuri, cha pili kutoka mtaa uleule kikatae, na ndani ya fimbo moja upate sehemu ngumu na sehemu laini. Anayetumia siku nzima kufua kisu kwenye chuma cha namna hiyo anacheza kamari. Nondo ina kazi zake nzuri: koleo za kuanzia, ndoano, vishikio vya milango, fimbo ya kuchokolea moto. Itumie huko.

Na wale wanaouliza kama kaboni haiwezi kuongezwa nyumbani: inaweza. Unafungia kipande kwenye kopo la chuma lililojaa unga wa makaa, unaliziba kwa udongo, unalishikilia kwenye joto la nyuzi 900 za selsiasi kwa saa kadhaa, na unapata ngozi yenye kaboni ya unene wa milimita moja hivi. Hesabu bei ya gunia la makaa kwa sasa, halafu nenda kanunue springi.

Sasa ununue nini? Kwa visu na patasi, chukua jani la springi ya nyuma ya basi dogo la HiAce, lile jembamba. Majani ya lori kama Fuso yanavutia kwa ukubwa, lakini jani la milimita 12 na zaidi utalipiga kwa nyundo ya kilo 1 mpaka mkono ufe, na bado halijawa jembamba. Springi za mviringo za magari madogo ni nzuri kwa tindo na patasi, ingawa itabidi uzinyooshe kwanza. Kwa kichwa cha nyundo, ekseli ya nyuma inatosha: kaboni yake ni karibu asilimia 0.4, inakaza uso bila kupasukapasuka. Panga lililoisha ni chuma cha bure ambacho watu hukipita. Halihitaji hata kufuliwa; likate taratibu huku ukilipoza kwa maji, usiliache ligeuke rangi ya buluu, na unapata visu viwili vya jikoni ambavyo tayari vimekazwa.

Ila jina la kipuri halikupi hakika. Springi nazo hutengenezwa kwa aina mbalimbali za chuma, kwa hiyo kabla ya kununua kilo ishirini, nunua kipande kimoja na ukipime.

Kipimo cha kwanza ni cheche, na kinafanyika palepale. Katwe au Kisenyi, mitaa ya mafundi hapa Kampala, hukosi mtu mwenye grainda. Mwombe aguse kipande chako kwa sekunde tatu. Chuma laini kinatoa mistari mirefu iliyonyooka, yenye matawi machache mwishoni. Chuma chenye kaboni nyingi kinatoa cheche fupi zinazopasuka kama nyota, matawi juu ya matawi, tangu karibu na jiwe. Chuma cha kusubu, kile kilichomiminwa kwenye kalibu, kinatoa cheche fupi nyekundu zilizofifia. Usitegemee kumbukumbu: tembea na msumari mkubwa na kipande cha tupa ya zamani mfukoni, gusa vyote vitatu kwenye jiwe moja na ulinganishe ukiwa kivulini. Kwenye jua la saa saba cheche zote zinafanana.

Kipimo cha pili ni kuvunja. Fua ncha ya kipande iwe bapa ya milimita 4 au 5. Ipashe mpaka sumaku isiikamate, ongeza moto kidogo, kisha uizamishe kwenye mafuta ya kula yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60, ukiitembeza mbele na nyuma. Ikipoa, pitisha tupa. Tupa ikiteleza kama iko juu ya kioo, chuma kimekazika. Tupa ikila, rudia kwa maji, maana hiki ni kipande cha majaribio na kikipasuka hujapoteza kitu. Halafu kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa kitambaa kizito, vaa miwani na ukigonge. Kikipinda, kirudi kwenye rundo la ndoano. Kikikatika, tazama mkato: ukiwa wa kijivu laini kama mahameli, chuma ni kizuri na moto ulikuwa sahihi. Ukimetameta kama sukari, chuma kinaweza kuwa kizuri lakini moto ulizidi.

Hilo la maji ni kwa kipande cha kupimia tu. Kisu cha springi ukikitia maji kina nafasi kubwa ya kupasuka, na ule mlio mdogo wa "tik" utausikia kabla hujakitoa. Tumia mafuta ya kula. Mafuta machafu ya injini yanayosifiwa sana magereji yana masizi, chembe za metali na kemikali, na moshi wake unaingia moja kwa moja kifuani. Lita 5 za mafuta ya kula zinadumu muda mrefu ukizichuja na kuzifunika.

Baada ya kukaza lazima utulize, yaani ukipashe tena kidogo ili kisiwe kama kioo. Weka mchanga mkavu kwenye sufuria juu ya sigiri, zika kisu kilichosuguliwa kikang'aa, na utazame rangi ikipanda: manjano ya majani makavu, karibu nyuzi 220, kwa kisu, zambarau kuelekea buluu, karibu 280 hadi 300, kwa kitu kinachopigwa au kupinda. Anayeruka hatua hii atarudi kulalamika kwamba springi aliyouziwa ni feki.

Kuna dhana ndugu ya ile ya nondo: "Springi iliyovunjika ndiyo rahisi kwa bei, na chuma ni kilekile." Chuma ni kilekile, sawa, lakini jani limevunjika kwa sababu limechoka, na mahali pengine kuna nyufa ambazo bado hazijafungua mdomo. Hizo utaziona siku unapochovya kisu kilichokwisha. Safisha jani kwa brashi ya waya, lipake mafuta ya taa, liache dakika 15, lifute likauke, kisha lipake unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ufani yatachora mstari mweusi juu ya chaki. Kagua hasa kuzunguka tundu la boliti ya katikati na sehemu zilizosuguana na jani jingine. Ukiweza kupata vipande vipya vilivyobaki kwa mafundi wanaotengeneza springi, lipa hiyo tofauti ya bei.

Mengine nitayapitia haraka.

Sumaku haikuchagulii chuma cha kisu. Inakamata nondo na tupa sawasawa. Inakusaidia kutenga shaba na baadhi ya stenlesi, na kukuonyesha joto: karibu nyuzi 770 chuma huacha kuvutwa.

Maziwa hayaondoi moshi wa zinki. Mabomba na mabati yaliyopakwa zinki yakipata moto wa uhunzi, zinki huchemka kwenye nyuzi 907 na kutoa moshi mweupe. Saa chache baadaye unatetemeka kwa homa kama ya malaria, na wengi hukimbilia dawa za malaria. Homa hiyo huisha yenyewe kwa siku moja au mbili, ndiyo maana maziwa yamepata sifa isiyo yake. Ukibanwa kifua au ukishindwa kupumua, nenda hospitali. Ukitaka kabisa kutumia bomba hilo, lilaze kwenye siki usiku kucha, nje, mbali na moto, kwa sababu mapovu yanayotoka ni haidrojeni. Afadhali usilinunue.

Kitu kilichozibwa hakiingii motoni, hata kama "kimekaa tupu miaka". Shokomzoba, mtungi wa gesi na paipu iliyochomelewa pande zote vinapasuka. Toboa kwa drili ya mkono taratibu, au uache. Na kwa wanaonunua skrepa ya kaskazini mwa nchi, kulikopiganwa vita: Uganda ilitangaza mwaka 2012 kwamba imemaliza kuondoa mabomu ya kutegwa ardhini, lakini hilo halihakikishi kila kitu kilichomo ndani ya gunia la mtu. Chochote chenye umbo la kombora au mabawa mkiani, usikigeuze, usikipime uzito. Ita polisi.

Fuawe yenye kutu haijafa. Iliyopasuka ndiyo imekufa. Chukua gololi ya beringi, iangushe kutoka sentimita 25. Ikirudi sentimita 18 au zaidi, uso ni mgumu. Ikirudi 8 tu, unauziwa chuma cha kusubu kilichopakwa rangi. Gonga kila upande kwa nyundo ndogo: mlio uliofifia mahali pamoja ni ufa. Na huhitaji fuawe ya Uingereza ili kuanza. Bonge la chuma la kilo 30 kutoka shafti ya mashine, likisimamishwa wima kwenye gogo, linafanya kazi. Lisimamishe, usililaze, ili uzito wote ukae chini ya pigo.

Kwenye jiliwa la mitumba watu hukagua meno yanayobana, ambayo yanabadilishika. Kagua skrubu: fungua mpaka katikati, sukuma mdomo mbele na nyuma. Skrubu ikizunguka bure zaidi ya nusu mzunguko kabla ya kushika, nati imeliwa, na kuchonga nyingine kutazidi bei uliyolipa.

Nyundo na tindo zilizochanua kichwa kama uyoga, saga ule ukingo kabla ya pigo la kwanza. Vile vipande huruka kama risasi.

"Kila kitu kwenye skrepa ni halali kwa sababu kinauzwa hadharani." Hapana. Vyuma vya pembe vya minara ya umeme, mifuniko ya mashimo ya barabarani na mataruma ya chuma ya reli vinatambulika kwa macho, na kupokea mali ya wizi ni kosa hata kama ulilipa. Sheria ya umeme ilirekebishwa mwaka 2022 ikaongeza adhabu kwa wanaong'oa miundombinu hiyo. Kipande cha reli unakitaka? Omba karatasi ya mauziano yenye jina la muuzaji na namba ya kitambulisho. Akikasirika, umepata jibu.

Mwisho, mizani. Mizani ya biashara inatakiwa iwe na alama ya ukaguzi ya UNBS, shirika la viwango la Uganda. Itafute, kisha gonga kipande chini mara mbili tatu kabla hakijapimwa, maana udongo na zege vilivyoganda utavilipia bei ya chuma.