Mafua hayaishii puani

Wengi tumekua tukiamini kwamba mafua ni ugonjwa wa pua na kifua tu, na anayesahausahau baada ya kupona anadeka. Sivyo. Hata homa yenyewe ni kazi ya ubongo: kinga ikigundua virusi humwaga saitokini, kemikali za kuashiria hatari, kwenye damu, ndipo haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayodhibiti joto, hupandisha joto la mwili. Wala si lazima virusi vifike kichwani ndipo akili ivurugike. Kemikali hizo za uvimbe huweza kuamsha mikroglia, seli walinzi wa ubongo, nazo zikichelewa kutulia mtu husoma ukurasa uleule mara tatu asishike kitu. UVIKO-19 ulilianika hilo: wengi, hata wasiolazwa, walilalamika akili kuingia ukungu kwa miezi. Huko si kudeka.