Wanachama hawajalala: dhana potofu kuhusu kuhuisha chama cha wanataaluma

Siku nilipochaguliwa kuwa katibu wa chama chetu cha wakutubi, katibu aliyenitangulia alinikabidhi mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na muhuri, vitabu viwili vya risiti na leja ya wanachama. "Chama ndicho hicho," akaniambia kwa upole kabisa, maana alikuwa amekibeba peke yake miaka tisa. Usiku ule nikaifungua leja. Ukurasa wa kwanza tu nilikuta majina ya watu watatu ambao nilihudhuria mazishi yao.

Nilihudumu vipindi viwili. Tangu hapo nimekaa na kamati za vyama vingine vya kujitolea, vya wauguzi, vya wapima ardhi, vya walimu, na kila ninakokwenda nasikia maelezo yaleyale ya kwa nini chama kimedorora. Mengi si ya kweli. Ubaya wake mkubwa ni kwamba yanatufanya tupoteze mali pekee ya maana ambayo chama cha namna hii kinayo, yaani saa za watu wanaotoa muda wao bure. Fedha tunazikagua kila mwaka. Saa hakuna anayezikagua.

Dhana: Wanachama hawajali tena

Hata mimi niliiamini. Mkutano mkuu unaitishwa, wanafika watu kumi na wanne, na tisa kati yao ni wanakamati. Ukikaa meza ya mbele ukaviona vile viti vitupu, moyo unavunjika, na ukishavunjika unatafuta wa kumlaumu.

Makamu mwenyekiti wetu ndiye aliyesema tuwapigie simu walioacha kulipa ada. Tukagawana majina, kila mmoja kumi, na swali likawa moja: "Mara ya mwisho ulipokwama kazini, ulimwuliza nani?"

Hakuna hata mmoja niliyempigia aliyenikatia simu. Mmoja wao alikuwa mkutubi wa shule. Yuko peke yake maktabani, na watoto wanaotolewa darasani kwa utovu wa nidhamu hupelekwa kwake pia. Tulizungumza dakika arobaini. Alikuwa amepokea shehena ya vitabu vya msaada, vingine vina ukungu, vingine viko katika lugha ambayo hakuna mwanafunzi wake anayeisoma, na mkuu wa shule alikuwa amekataza kitabu chochote kutolewa rafuni. Alichotaka ni kujua tu wenzake hufanyaje. Nikatazama chama kilimtumia nini mwaka ule. Mwaliko wa chakula cha jioni, kumbusho la ada, na salamu za mwaka mpya.

Huyu hakuacha kujali. Alikuwa ameacha kututegemea, na alikuwa na haki. Mchumi Albert Hirschman alilieleza jambo hili mwaka 1970: mtu asiyeridhika ana njia mbili, kusema au kuondoka, na mara nyingi wanaotangulia kuondoka ni wale wanaojali ubora kuliko wengine. Hivyo ukiwauliza waliobaki ukumbini kama mambo yanaendaje, watakujibu yanaenda vizuri. Ndiyo maana wamebaki.

Kimya cha mwanachama hakikuambii anawaza nini. Mwulize, tena anza na habari za kazi yake kabla ya kufika kwenye habari za chama. Dodoso la "umeridhika kwa kiasi gani na huduma zetu" litakurudishia asilimia ambazo huwezi kupangia chochote.

Dhana: Siku hizi hakuna anayetaka kujitolea

Tazama tunavyoomba. Mwenyekiti anasimama mwisho wa mkutano, watu wameshaanza kukusanya mikoba yao, anasema: "Tunahitaji wa kujitolea kwenye kamati ya mafunzo." Kila mtu anamtazama jirani yake. Kamati hiyo inafanya nini? Kwa muda gani? Ukishaingia, unatokaje? Hayasemwi. Na kila aliyemo ukumbini anamjua mtu aliyeingia kamati "kwa muda mfupi tu," akatoka baada ya miaka sita akiwa amechoka, na hajaonekana mkutanoni tena.

Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, kisha akachapisha matokeo yake mwaka 1913. Walipokuwa wanane pamoja, kila mmoja alitoa takriban nusu ya nguvu alizotoa alipovuta peke yake. Sehemu ya upungufu ni kutovuta kwa mpigo mmoja; watafiti waliokuja baadaye walionyesha kwamba sehemu nyingine ni mtu kulegeza mkono pale jitihada zake zisipoonekana. Ombi linalotupwa kwa ukumbi mzima ni kamba ya watu mia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo wa kamati hauna hata huyo mwenzio.

Ombi linalozaa lina jina la mtu, lina kazi yenye mwanzo na mwisho, na lina tarehe. Tulijaribu hivi. Tuliacha kutafuta "mjumbe wa kamati ya uanachama," tukamfuata mwanachama mmoja tukamwambia: wamejiunga watu sita mwezi huu, orodha yao hii hapa, wapigie kabla ya tarehe 30, waulize wanafanya kazi wapi na wanakwama wapi, kisha utuandikie ukurasa mmoja. Basi. Akakubali palepale, na mwezi uliofuata aliomba orodha nyingine yeye mwenyewe. Wale sita nao walifaidika. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mwanachama mpya utamjua kwa anavyokaa pembeni, na simu moja ya mwenzake humfungua ile kamba.

Mtu akikataa, mshukuru, na usimnunie. Aliyekataa leo kwa kuwa ana mtoto mchanga anaweza kukubali baada ya miaka miwili, ikiwa kukataa kwake hakukumfanya aonekane msaliti.

Dhana: Tuanze na katiba mpya na nembo mpya

Kamati yetu ya katiba ilikaa miezi minane. Vikao viwili vizima viliishia kwenye hoja ya kama mtu aitwe naibu katibu au katibu msaidizi. Wakati huohuo barua za wanachama zilikuwa hazijajibiwa.

Sisemi katiba isiguswe. Kuna mtego mmoja wa kikatiba ambao unaua vyama polepole, nao ni akidi. Chukua katiba inayotaka theluthi moja ya wanachama walioandikishwa wawepo ndipo mkutano uwe halali. Ndani ya leja wamo marehemu, wamo waliobadili kazi, wamo wasiolipa tangu enzi na enzi. Akidi haitatimia kamwe. Na kwa kuwa kurekebisha katiba nako kunataka akidi, mmejifungia ndani na ufunguo mmeuacha nje. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni leja: fuata utaratibu ambao katiba yenyewe imeuweka wa kumwondoa asiyelipa, barua itumwe, muda wa kujibu upite, uamuzi uandikwe kwenye muhtasari wa kikao, ndipo jina lifutwe. Inachosha, na hakuna atakayekupigia makofi. Nembo inaweza kusubiri.

Dhana: Wanaondoka kwa sababu ada ni kubwa

Wapo ambao ada inawaumiza kweli: wanafunzi, wastaafu, waliopoteza kazi. Hao wawekewe kiwango chao, na wasilazimishwe kuusimulia umaskini wao mbele ya kamati ili wakipate.

Lakini wengi niliowapigia hawakuitaja ada. Kadhaa walishangaa kusikia kwamba hawajalipa, kwa sababu kumbusho lilikwenda kwenye barua pepe ya kazi waliyoiacha zamani. Wengine walilipa, risiti haikuja, wakaona fedha zao zimepotelea gizani. Kabla ya kupunguza ada, hakikisha mtu anaweza kulipa kwa dakika mbili na akapata risiti siku hiyohiyo.

Dhana: Wazee wakiachia, chama kitakufa

Dhana hii ina pacha wake anayesema kinyume, kwamba wazee wakiachia ndipo chama kitapona. Wote wawili wanapotosha.

Mwaka 1911 mwanasosholojia Robert Michels, baada ya kuvichunguza vyama vya kisoshalisti vya Ulaya, hasa cha Ujerumani, aliandika kwamba kila jumuiya huishia mikononi mwa wachache, hata ile iliyoundwa kwa ajili ya usawa. Sikubaliani naye kwamba jambo hilo haliepukiki. Ila aliona vizuri linavyoingia, maana huingia bila mtu kukusudia ubaya. Mweka hazina wa chama kimoja ninachokijua alikaa miaka kumi na minne. Mwaminifu, hesabu zake safi, kila mwaka mkaguzi anampongeza. Siku alipougua ghafla, hakuna mwingine aliyejua neno la siri la akaunti, wala ni saini ya nani nyingine benki inaikubali. Miezi mitatu chama kilishindwa hata kulipia ukumbi wa mkutano. Waliomlaumu walimkosea. Alikuwa ameachiwa mzigo na kamati baada ya kamati, kwa kuwa kumwachia ilikuwa rahisi kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Kinachosaidia ni vitu vidogo vinavyofanywa mapema. Kila kazi iwe na mtu wa pili ambaye ameifanya kwa mikono yake angalau mara moja kwa mwaka. Vipindi viwe na ukomo. Ukurasa wa makabidhiano uandikwe mtu akiwa bado kazini, kwa sababu katika wiki ya kuondoka ataandika anachokikumbuka, na vinavyosahaulika ndivyo vinavyotakiwa.

Kuhusu yule pacha: tarehe 2 Januari 1818 wahandisi vijana walikutana katika mkahawa mmoja wa London wakaanzisha chama cha wahandisi wa ujenzi, kile ambacho leo ni Institution of Civil Engineers. Kilisuasua. Mwaka 1820 wakamwomba Thomas Telford, mjenzi mashuhuri wa barabara na madaraja, awe rais wao. Alikuwa na miaka 62. Jina lake likavuta wanachama, akawapa vitabu vya kuanzishia maktaba, na mwaka 1828 chama kikapata hati ya kifalme. Vijana walikuwa na ari na hawakuwa na mlango. Mzee alikuwa na funguo. Mzee anayetoka kwenye kamati asisindikizwe kwa cheti kisha asitafutwe tena. Apewe mtu mmoja wa kumlea, au ofisi moja ya kuitembelea kwa niaba yetu, kule ambako yeye akibisha hodi hufunguliwa.

Dhana: Kuungana na chama kingine ni kushindwa

Wahandisi wa umeme wa Marekani walikuwa na vyama viwili: AIEE cha mwaka 1884, na IRE cha mwaka 1912 kilichokulia kwenye redio. Elektroniki ilipopanuka, vijana wengi walikwenda IRE, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 chama hicho kichanga kilikuwa kimempita mkubwa wake kwa idadi ya wanachama. Mwaka 1963 viliungana vikawa IEEE. Sijasikia mhandisi yeyote akiililia AIEE.

Dhana: Chama hai ni chenye shughuli nyingi

Hii ndiyo iliyotugharimu kuliko zote, na ndiyo iliyonipa shida kuikubali, kwa sababu shughuli zenyewe nilizipenda.

Mwaka mmoja nilihesabu saa za chakula chetu cha jioni cha mwaka. Kamati ya maandalizi ilikuwa na watu saba, vikao kumi na kimoja, kila kikao saa mbili. Hizo ni saa 154, kabla ya kuhesabu simu, kutafuta mpishi na kupanga viti. Saa hizo zingetosha kumweka mwanachama mzoefu mmoja akijibu maswali ya wenzake saa moja kila jioni ya siku ya kazi kwa miezi saba.

Nilipolileta hilo kikaoni, wapo walioumia, na sikuwalaumu. Kwa baadhi yao ile ndiyo jioni pekee ya mwaka ambayo mtu huulizwa kuhusu kazi yake na watu wanaoielewa. Kitu kama hicho hukivunji kwa kura ya haraka. Tulikubaliana kukipumzisha mwaka mmoja, tukaandika kwenye muhtasari kwamba kitajadiliwa upya, na tukawaomba walewale saba wachague kitakachochukua nafasi yake. Wakachagua simu ya zamu. Kundi la WhatsApp tulikuwa nalo tayari, lakini humo swali la yule mkutubi wa shule lingezama kati ya salamu za asubuhi na matangazo. Kwenye zamu kuna mtu mmoja, jina lake linajulikana, na ni wajibu wake kujibu au kumtafuta anayejua.

Chakula cha jioni kilirudi baada ya miaka miwili, kidogo zaidi, kila mtu akija na chungu chake. Zamu haikusimama.

Mimi si katibu tena. Nina Alhamisi ya pili ya kila mwezi, saa moja, simu mkononi na daftari pembeni. Mwezi uliopita alinipigia kijana aliyeanza kazi juzijuzi katika maktaba ya shule. Ameletewa masanduku ya vitabu vya msaada, vingine vina ukungu, na mkuu wake hataki hata kimoja kitupwe. Nikamwambia ninamjua mtu wa kumsaidia kuliko mimi, nikampa namba ya yule mkutubi wa shule wa dakika arobaini. Siku hizi zamu yake ni Jumanne.